Injini Kwanza, Bodi Baadaye: Mwongozo wa Kununua na Kukarabati Magari ya Kifahari Yaliyotumika Nchini Uganda

Katika mabondi ya magari, yaani yadi za kuuzia magari yaliyoagizwa nje, yaliyopangana kando ya Barabara ya Jinja, kutoka Lugogo hadi Nakawa, mnunuzi anaweza kukuta Range Rover Sport au BMW X5 yenye viti vya ngozi na paa la kioo ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya Toyota Prado ya mwaka uleule. Unafuu huo hautokani na ukarimu wa muuzaji. Ni gharama ya injini ambayo soko la kule gari lilikotoka limekwisha kuihesabu, likamwachia mnunuzi anayefuata ailipe. Hata hivyo, hesabu ya London si hesabu ya Kampala. Kule saa moja ya fundi ni ghali na kipuri hufika gereji kesho yake asubuhi. Hapa saa ya fundi ni nafuu, lakini kipuri husafiri kwa ndege, au kwa kontena kupitia Mombasa, na ushuru juu yake. Kwa sababu hiyo, hitilafu inayokula siku nyingi za kazi na vipuri vichache inaweza kutengenezwa Kampala na mwenye gari asijute, hata kama Uingereza ingelipeleka gari zima kwenye chuma chakavu. Hitilafu inayodai kipuri kimoja kikubwa ndiyo inayoyaacha magari haya yakiota nyasi nyuma ya gereji za Ndeeba na Katwe. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa kuzingatia tofauti hiyo.

Hatua ya kwanza: itambue injini kabla hujalipenda gari

Jina lililoandikwa mlango wa nyuma halitoshi. X5 mbili zinazofanana kama mapacha zinaweza kuwa na injini zenye maisha tofauti kabisa. Andika namba ya chesisi, mwaka, ujazo wa injini na aina ya mafuta, kisha tafuta msimbo wa injini yenyewe. Uliza pia gari limetoka wapi. Kwa kuwa Uganda huendesha upande wa kushoto, magari mengi huletwa kutoka Japani na Uingereza. Magari ya kifahari ya Ulaya yaliyotumika Japani mara nyingi ni ya petroli, ilhali yale ya Uingereza kwa wingi ni ya dizeli, na kila kundi lina maradhi yake. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inakataza kuingiza gari lililofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa, lakini magari ya zamani zaidi ya hapo yamo nchini tayari na yanazidi kubadilisha mikono, kwa hiyo usidhani kuwa maradhi ya injini za 2005 yamepitwa na wakati.

Nitaanza na Land Rover, kwa sababu ndiko majuto yalikojaa zaidi. Injini ya dizeli ya V6 ya lita 2.7, iliyoingia katika Discovery 3 mwaka 2004, na ile ya lita 3.0 iliyoifuata mwaka 2009 katika Discovery 4 na Range Rover Sport, zinajulikana kwa kuvunjika kranki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Beringi kuu inayoshika kranki hupoteza mshiko wake na kuzunguka ndani ya kiti chake. Tundu linalopitisha oili huzibika, chuma hukauka na kupata moto, kisha kranki hukatika, mara nyingi bila onyo la kutosha kumwezesha dereva kuegesha kwa utulivu. Mafundi hawakubaliani kuhusu chanzo, lakini wengi hulaumu muda mrefu kupita kiasi kati ya huduma moja na nyingine: kiwanda kiliruhusu oili ikae hadi kilomita 24,000 au zaidi katika soko la Uingereza. Injini hizi pia zina mikanda miwili ya taimingi, mmoja mbele unaolinganisha valvu na kranki, na mwingine nyuma unaoendesha pampu ya dizeli, na huo wa nyuma husahauliwa sana. Kranki ikikatika, bloku, yaani mwili wa injini, huwa imeumia pamoja nayo, na kinachobaki ni kutafuta injini nyingine. Hiyo ni hitilafu ya kipuri, si ya kazi, na kwa maoni yangu gari la aina hii lisilo na karatasi za huduma lisinunuliwe kwa bei yoyote ile.

Land Rover ya petroli ya V8 ya lita 5.0, hasa ya miaka ya kwanza baada ya 2009, ina tatizo tofauti. Reli za plastiki na vikaza vinavyoongoza cheni ya taimingi huchakaa, na asubuhi injini hutoa mlio wa njuga kwa sekunde chache kabla oili haijapanda. Mabomba ya plastiki ya maji yaliyojificha chini ya manifoldi inayogawa hewa kwa silinda nayo hupasuka. Yote mawili hurekebishika, mradi mwenye gari asikie mlio huo mapema.

Kwa Mercedes-Benz, habari ni nzuri zaidi kuliko sifa yake mitaani. Dizeli ya V6 ya lita 3.0 yenye msimbo OM642, iliyomo katika ML na GL nyingi, huvuja oili kutoka kwenye kipoza oili kilicholala katikati ya V, chini ya turbo. Sili zinazohusika ni vipande vidogo vya mpira vya bei ndogo, lakini kuvifikia ni lazima ufungue turbo na manifoldi, kazi ya siku kadhaa. Huko Ulaya bili ya kazi hiyo huwavunja watu moyo wakauza gari. Hapa fundi mwenye subira huimaliza na gari likarudi barabarani. Agiza sili za rangi ya zambarau zilizoboreshwa, usirudishe za zamani za rangi ya machungwa. Petroli ya V6 ya M272 inahitaji tahadhari zaidi: zile zilizotengenezwa kabla ya takriban 2008 zina gia ya shafti ya mizani inayolika meno, na ingawa gia na shafti yake si vipuri vikubwa, injini lazima ishushwe nzima. Ndugu yake wa V8, M273, ana ugonjwa kama huo katika gia ya kati ya cheni.

BMW waliamua kuweka cheni ya taimingi nyuma ya injini, upande wa giaboksi, katika dizeli ya N57 ya lita 3.0. Cheni ikianza kulia, huwezi kuigusa bila kushusha giaboksi au injini. Dizeli ya M57 iliyoitangulia ni imara sana, ila ina vijimlango vya chuma ndani ya manifoldi ya hewa ambavyo hulegea na kumezwa na silinda; fundi mzuri huviondoa na kuziba nafasi zake kwa vizibo. Injini ya kuogopwa ni N63, V8 ya petroli ya lita 4.4 yenye turbo mbili zilizowekwa katikati ya V, mahali ambapo joto halina pa kutokea. Joto hilo huzikausha sili za valvu, injini huanza kula oili, na mipira na nyaya zilizo jirani hugeuka ngumu kama kuni. Katika foleni ya Kampala, ambako gari husimama kwenye jua saa nzima bila upepo wa kulipoza, muundo huo haupati nafuu yoyote. Tena, BMW nyingi za kizazi hiki hutumia pampu ya maji ya umeme, ambayo hufa ghafla bila kuvuja hata tone.

Audi Q7 na Volkswagen Touareg za dizeli ya lita 3.0 nazo zina cheni nyuma ya injini, kwa hiyo zisikilize kama unavyosikiliza N57. Porsche Cayenne ya V8 ya lita 4.5, iliyouzwa kuanzia mwisho wa 2002 hadi 2006, ina mabomba ya maji ya plastiki ambayo sharti yabadilishwe kwa ya alumini, na kuta za silinda zake zinaweza kukwaruzika.

Toyota na Lexus hazikusamehewa, ingawa kosa lao kwa kawaida hutengenezeka. Prado ya dizeli ya 1KZ-TE hupasuka silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini, ikichemshwa. Ile ya 1KD-FTV hupitisha moshi kwenye vioshi vya shaba vilivyo chini ya noseli zinazonyunyiza dizeli. Masizi hugandisha oili, matope yake huziba chujio la pampu ndani ya karai la oili chini ya injini, na injini hunoki kwa kukosa oili ilhali kijiti cha kupimia kinaonyesha imejaa. Hata magari mapya hayana kinga: mwaka 2024 Toyota iliyarudisha kwa matengenezo huko Marekani takriban magari 100,000 ya Tundra na Lexus LX kwa sababu ya mabaki ya chuma yaliyosalia kiwandani ndani ya injini za V6.

Hatua ya pili: ikague ikiwa baridi

Mwambie muuzaji mapema kwamba utakuja saa moja asubuhi na kwamba injini isiwashwe kabla hujafika, kisha ukifika gusa boneti kwa kiganja kabla ya salamu kwisha. Jirani yangu wa Ntinda alilitembelea Discovery lake mara tatu kabla ya kulilipia, na mara zote tatu alilikuta la moto, akaambiwa kwamba kijana alikuwa akiliosha. Mwezi wa tatu kranki ilikatika akipanda mlima wa kuingia Mukono. Siwezi kuapa kwamba mlio wa baridi ungemfunulia siri, lakini najua hakupata nafasi ya kuusikia.

Chomoa kijiti cha oili. Oili iliyopungua ina maana inayoeleweka. Oili iliyopanda juu ya alama ni mbaya zaidi, kwa sababu katika dizeli zenye chujio la masizi kwenye eksozi inaashiria kwamba dizeli inateremka ndani ya karai kila chujio linaposhindwa kujichoma katika safari fupi za mjini. Fungua kifuniko cha oili uangalie kama kuna utando wa rangi ya maziwa, ishara ya maji. Angalia rangi ya kulanti, dawa ya kupozea injini: ukikuta maji ya bomba yenye kutu, jua mwenye gari wa awali alikuwa akiongeza maji kila wiki kwa sababu aliyoificha. Hapo ndipo uwashe, ukiwa umesimama mbele ya gari na si kwenye kiti, na usikilize dakika nzima. Njuga ya sekunde mbili inayotoweka ni cheni. Mlio mzito unaogonga kutoka chini ni beringi, na hapo unaweza kumshukuru muuzaji na kuondoka.

Hatua ya tatu: kompyuta, barabara na karatasi

Mpeleke fundi wako mwenyewe mwenye mashine inayoongea na chapa hiyo, kwa sababu kisomaji cha kawaida husoma hitilafu chache tu. Kumbukumbu iliyofutwa asubuhi hiyo hujulikana: mashine itaonyesha kwamba majaribio ya ndani bado hayajakamilika. Kwa dizeli, omba usomaji wa marekebisho ya noseli na kiwango cha masizi katika chujio. Kisha endesha angalau nusu saa. Panda mlima wa Muyenga kwa gesi, ingia Northern Bypass kutoka Bweyogerere hadi Busega, halafu simama kwenye foleni kwa makusudi huku kiyoyozi kikifanya kazi, ukitazama mshale wa joto. Ukisharudi, acha injini iungurume dakika tano, ukanyage gesi ghafla na kutazama nyuma: wingu la buluu ni sili za valvu au turbo.

Karatasi zinahitaji umakini wa pekee. Ukaguzi unaofanywa nje kwa niaba ya Shirika la Viwango la Uganda kabla gari halijapakiwa hutazama usalama wa barabarani. Haufungui karai la oili. Kwa gari la Japani, omba karatasi ya mnada, yenye ukaguzi wa hali ya gari lilipouzwa kule. Kwa gari la Uingereza kuna zawadi ambayo wanunuzi wengi hawaijui: ukiwa na namba ya zamani ya usajili, unaweza kusoma bure mtandaoni historia ya ukaguzi wao wa kila mwaka, uitwao MOT, yenye maili zilizorekodiwa na uvujaji wa oili ulioonekana. Gari lililosoma maili 118,000 mwaka mmoja haliwezi kufika Nakawa likiwa na kilomita 90,000.

Hatua ya nne: ukishanunua, anza upya

Usimuamini mtu kuhusu oili iliyomo. Badilisha oili na filta wiki ya kwanza, kisha kila kilomita 5,000 hadi 7,000, hata kama kitabu kinasema 24,000, ukitumia daraja lililoagizwa na kiwanda. Oili nzito ya 20W-50 ambayo fundi wa kando ya barabara hupendekeza ili kunyamazisha mlio haiponyi kitu; hufika polepole kwenye beringi zilizoundwa kwa oili nyepesi.

Maji nayo yana hesabu yake. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji matupu huchemka hapa karibu na nyuzi 96 badala ya 100; ukipanda kuelekea Kabale hupungua zaidi. Kulanti sahihi na kifuniko kinachoshika presha ndivyo vinavyoipa injini nafasi ya ziada, na kulanti huzuia alumini isilike. Mshale wa joto ukipanda, zima injini mahali ulipo. Watu wengi hupoteza hedi katika ile kilomita moja waliyojiambia kwamba gereji iko karibu.

Hatua ya tano: injini ikifa, pima kabla hujafungua

Mwite mwenye bredauni la kubeba gari zima juu. Magari yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne yakivutwa kwa kamba huharibu giaboksi, na hapo matatizo huwa mawili. Usikubali gari livuliwe injini siku hiyohiyo. Dai vipimo vitatu kwanza: mgandamizo wa kila silinda, uchunguzi wa ndani ya silinda kwa kamera ndogo, na oili iliyomwagwa kwenye chombo safi pamoja na filta iliyokatwa kwa msumeno. Unga wa kung'aa katika mikunjo ya filta ni mabaki ya beringi, na hakuna maneno ya fundi yatakayobadilisha ukweli huo.

Kutokana na vipimo hivyo utajua umeangukia wapi. Ikiwa tatizo liko nje ya bloku, kama vile pampu, mabomba, sili za kipoza oili au cheni ambayo haijaruka jino, tengeneza. Matarajio ni mazuri na sehemu kubwa ya bili itakuwa kazi. Ikiwa hedi imepinda kwa kuchemka, matarajio hutegemea kama imepasuka. Ipeleke karakana ipimwe kwa presha na kusawazishwa, na ununue bolti mpya, kwa sababu bolti za hedi za injini nyingi kati ya hizi hurefuka zikikazwa na hazirudiwi. Ikiwa kuta za silinda zimekwaruzika, uliza bloku ni ya chuma gani. V8 za Porsche na BMW nilizozitaja hazina slivu, yaani vikombe vya silinda, za chuma cha kutupwa. Kuta zake ni alumini yenye silikoni, na karakana inayochonga bloku za malori kwa njia ya kawaida itaziua. Kuweka slivu kunawezekana, ila kwa mikono michache sana. Dizeli ya V6 ya Land Rover, kinyume chake, ina bloku ya chuma kigumu, lakini hilo halikusaidii kranki ikishakatika.

Wapo watakaokushauri utoe injini ya kizungu na kuweka ya Toyota. Gari litatembea, sikatai. Lakini kompyuta ya giaboksi, ya springi za hewa na ya dashibodi zilizoea kuongea na injini iliyoondoka, na nimeona magari mazuri yakigeuzwa kuwa matrekta yenye viti vya ngozi.

Hatua ya sita: ukinunua injini iliyotumika

Soko la vipuri la Kisekka jijini Kampala lina kila kitu, na kwa injini za Toyota ndipo pa kuanzia. Kwa dizeli ya Land Rover au N63, kumbuka kwamba injini unayonunua ina umri na ugonjwa uleule wa iliyokufa. Omba video inayoonyesha injini ikiwashwa baridi ndani ya gari ilimotoka pamoja na namba yake, na kataa iliyokaa chini miezi kadhaa ikiwa na matundu wazi. Kubaliana kwa maandishi kwamba malipo ya mwisho yatafanyika baada ya karai kufunguliwa na beringi moja au mbili kuonekana kwa macho. Ikiwa bado iko sakafuni, badilisha mikanda, pampu ya maji, themostati, sili ya nyuma ya kranki na, kwa OM642, zile sili za kipoza. Kazi inayochukua siku nne ndani ya gari huchukua nusu siku injini ikiwa nje. Misimbo ya noseli iandikwe katika kompyuta ya gari, la sivyo injini nzima itatikisika kama mgonjwa wa malaria.

Namba ya injini iliyo katika kitabu cha usajili haitalingana tena na iliyofungwa. Peleka stakabadhi ya ununuzi na hati ya forodha kwenye mamlaka ya usajili taarifa zirekebishwe kabla hujakutana na askari au mnunuzi mwenye macho makali. Baada ya kilomita 1,000 za kwanza, mwaga oili tena, kata filta, na ukunjue karatasi yake chini ya jua mbele ya fundi kabla hujamlipa salio.